Jumapili Mama Alipokuja Kutazama Bluzi

Nilikuwa nimeinama nikipanga viti niliposikia mtu anatembea juu ya kichwa changu. Huko juu ni roshani, na roshani ya Dovell, jengo la sinema la mji wetu hapa Misisipi, imefungwa tangu mbao zake zilipoanza kuoza. Kwenye ngazi za mbele nilikuwa nimeweka kamba na kibao cha onyo. Aliyepanda, basi, alipitia mlango wa pembeni, ule wa uchochoroni, ambao sikuuwekea kibao kwa sababu wageni hawaujui na wenyeji hawautaki.

"Wewe uliye huko juu!" nilipaza sauti. "Shuka kabla hujaniangukia na mbao zangu!"

Hatua zikasimama. Kisha mtu akacheka puani.

"Vonie Battle," akasema. "Mdomo wako haujazeeka hata kidogo."

Nilishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yangu, nikakikalia. Waliotengeneza filamu ya siku hiyo walikuwa wameniambia kwamba wamemwalika, nami nikajitia hamnazo, nikasema vizuri, mgeni ni mgeni. Wiki nzima sikulala.

"Hosea Gathings," nilisema, na sauti yangu ikatoka vizuri kuliko nilivyotarajia, "umepitia wapi?"

"Mlango wa uchochoroni." Alikuwa ameegemea ukingo wa roshani sasa, namwona kuanzia kifuani. "Usinicheke. Nimeegesha gari, nikazunguka nyuma, nikapanda. Miguu ilinileta yenyewe. Nimefika juu ndipo nikakumbuka kwamba siku hizi tunaingilia mbele."

Nilicheka. Kwa sababu miguu yangu nayo, mwaka wa kwanza nilipopewa funguo za jengo hili, ilinipeleka uchochoroni. Tulipokuwa watoto huo ndio uliokuwa mlango wetu sisi weusi, na ile roshani ndiyo iliyokuwa sinema yetu. Chini walikaa wazungu. Baadaye sheria ilipobadilika na kila mtu akaruhusiwa kukaa chini, mimi na Hosea tuliendelea kupanda juu kwa hiari yetu. Kulikuwa na giza zuri huko.

"Shuka," nikamwambia. "Kanyaga kando ya ukuta, katikati pameoza."

Alishuka. Mvi kichwa kizima, kitambi cha dereva wa basi mstaafu, goti la kulia linalokataa ngazi. Akasimama mbele yangu na kofia mkononi, akaniangalia. Macho yalikuwa yale yale, yanayokutazama yakangoja, hayana haraka ya kwenda popote. Nilijikuta nanyoosha sketi yangu. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mjane, mweka hazina wa kanisa, nanyoosha sketi.

"Pole kwa msiba wa Alphonse," akasema. "Nilisikia."

"Ahsante. Alikuwa mume mwema."

"Nilisikia hilo pia. Nilijaribu kumchukia nikashindwa."

"Nawe? Mkeo?"

"Alishaniacha, tena kwa haki. Alisema amechoka kuishi na mtu ambaye mwili uko Shikago na roho inachuma pamba Misisipi." Akatabasamu. "Mimi sijawahi kuchuma pamba hata siku moja, Vonie. Nilikuwa mvivu mno."

"Mwongo. Ulichuma wiki moja ukajifanya unaumwa mgongo."

"Unaona? Mtu wa kunikumbusha hayo yuko hapa tu."

Tulicheka pamoja, halafu tukaacha kucheka kwa wakati mmoja, na ule ukimya uliofuata nikaujua. Enzi zile ulikuwa ukitujia huko huko juu, filamu ikiwa imefika mahali ambapo hakuna anayeitazama tena.

"Naondoka kesho asubuhi," akasema. "Nimekuja kumwona baba kwenye filamu, na nimekuja kukuuliza neno. Lile lile nililokuuliza kituo cha basi. Nitakuuliza baada ya mjadala, ili usipate kisingizio cha kwamba una kazi."

Mlango wa mbele ulifunguliwa, na watu wakaanza kuingia.

Huwa tunaonyesha filamu za makala mara moja kwa mwezi, Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula. Filamu za bluzi, ule muziki wa gitaa wa weusi wa kusini, za wapigaji wake, za weusi na weupe na yaliyopita kati yetu. Tukimaliza tunazima projekta tunazungumza. Kuna kambare wa kukaanga, kuna chai baridi yenye sukari ya kutosha kuua mtu, kuna tamale za Bi Ozie, unga wa mahindi na nyama uliofungwa kwenye maganda ya mahindi. Wazungu wa mji huja, watalii huja, vijana wetu huja kwa ajili ya kambare. Mtu mmoja tu alikuwa hajawahi kukanyaga. Huyo anaishi nyumbani kwangu, ananiita mpotevu kila mwezi ninapotoka na sanduku la nyaya, na ndiye aliyenizaa.

Ndiye huyo niliyemwona sasa mlangoni.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya meza ya Bwana, kwa hiyo mama alikuwa amevaa nyeupe kuanzia kofia mpaka viatu kama kina mama wakubwa wa kanisa wanavyovaa siku hiyo. Hakuwa amebadilisha. Alisimama katikati ya lango la sinema na fimbo yake, anaangalia picha ya gitaa kwenye bango, na watu walimpisha bila kuambiwa.

"Mama? Nani amekuleta?"

"Miguu yangu." Macho yake yalikuwa yameshanipita yakatua kwa Hosea. "Nilisikia kanisani nani yuko mjini."

Hosea akainamisha kichwa. "Shikamoo, Bi Ruthell."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ndiyo, mama."

"Shikago wanakulisha."

"Wananilisha, ila hawajui kupika."

Nusura atabasamu. Nilimwona, pembe ya mdomo ilitikisika, halafu akaikaza. "Nimekuja kutazama," akaniambia mimi. "Usinifanyie karamu. Nipe kiti ambacho naweza kutoka nikitaka."

Nilimkalisha pembeni, nyuma ya Bi Martha Lynn Sessums, mwalimu mstaafu, mzungu, ambaye hajakosa filamu yetu hata moja na huleta keki kila mara. Hosea akakaa upande wa pili. Mimi nikasimama kati yao, karibu na projekta.

Filamu yenyewe ilihusu kilabu cha marehemu Mzee Lige Gathings, baba yake Hosea, kile kibanda cha mabati kilichokuwa nje ya mji, kando ya mto. Mwanafunzi mmoja kutoka kaskazini alikuja na kamera miaka ile ya sabini, akapiga picha msimu mzima wa kiangazi, akaenda zake. Mikanda ikakaa kwenye dari la nyumba yake mpaka binti yake alipoikuta. Basi Mzee Lige akatokea ukutani, mkubwa, kijana kuliko mwanawe wa leo, gitaa mapajani na sigara imening'inia.

"Mwoneni Lige!" mtu akapiga kelele. "Mwoneni na soksi zake!"

"Ile suruali alizikwa nayo!"

Kwetu hakuna anayetazama filamu kimya. Watu waliwaita marehemu kwa majina, wakawauliza wameacha wapi mapishi ya mchuzi, wakawadai viatu vyao. Bi Ozie alimwona mumewe anakunywa na akamkaripia papo hapo. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, maana kile kibanda hakipo tena, magugu yameota pale, na mimi nilidhani kimebaki kichwani mwangu tu.

Halafu kamera ikageukia wachezaji, na nikajiona.

Gauni la njano. Viatu nimevivua, nimevishika mkono mmoja. Mkono wa pili uko shingoni kwa kijana mwembamba mwenye shati jeupe, naye ameniegemeza kichwa kana kwamba amelala, na tunazunguka pole pole, hatumwoni mtu. Nilikuwa mzuri. Hakuna aliyewahi kuniambia nilikuwa mzuri kiasi kile, au labda aliniambia mmoja na sikumsadiki.

Ukumbi mzima ulinyamaza. Walijua, wazee wote walijua. Walijua kwamba kwa sababu ya kucheza kule kilabuni, Jumapili iliyofuata nilisimamishwa mbele ya kanisa, nikaomba msamaha kwa kutamka, ndivyo ilivyokuwa desturi, na aliyenishika mkono kunipeleka mbele alikuwa mama yangu. Walijua kwamba juma lile lile Hosea alipanda basi.

Sikuthubutu kumwangalia mama. Nilimwangalia Hosea. Alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja, na alikuwa analia wazi, bila kujificha, mwanaume mzima.

Filamu ilipokwisha niliwasha taa. Mjadala wetu una namna yake ya kuanza: kila anayesimama husema kwanza yeye au wazazi wake walikaa wapi humu ndani, juu au chini. Baada ya hapo anasema lake. Nilianzisha desturi hiyo kwa sababu nilichoka kusikia watu wakizungumza bluzi kana kwamba ilianguka kutoka mawinguni.

"Chini," akasema Bi Martha Lynn, uso umemwiva. "Safu ya nne. Na nilikuwa nasikia mnacheka huko juu, nikitamani kujua mnacheka nini."

"Tulikuwa tunawacheka ninyi," akajibu Bi Ozie, na watu wakaangua kicheko, Bi Martha Lynn mwenyewe akicheka kuliko wote.

"Juu," akasema Hosea bila kusimama. "Safu ya mwisho. Jina la niliyekaa naye silitaji, ameshika projekta."

Kicheko tena. Masikio yalinichoma. Mtalii mmoja, kijana mwenye ndevu aliyetoka Norwe, akasema hakukaa popote, akaomba kuuliza. Aliuliza kwa adabu. Kwa nini, alisema, watu wengi weusi wa kanisani waliukataa muziki ambao ni wao wenyewe? Kwa nini wakauita wa shetani?

Watu walianza kutazamana. Ndipo nikasikia fimbo inagonga sakafu.

"Nipe hicho chombo," mama akasema.

Nilimpelekea kipaza sauti. Alisimama taratibu, mweupe wote, akakishika kwa mikono miwili.

"Naitwa Ruthell Battle. Nyote mnanijua, na asiyenijua aulize jirani yake. Mimi sikukaa juu wala chini. Leo ndiyo mara ya kwanza naingia humu." Akashusha pumzi. "Nilikuwa na kaka, Ezell. Alipiga gitaa, yeye na Lige walikuwa wakipiga pamoja."

"Mama," nikasema, "mjomba si alikufa na homa akiwa—"

"Nyamaza, Vonie. Chombo ninacho mimi."

Akakisogeza kipaza sauti kinywani.

"Wazungu wakiwa na sherehe wanamwita. Anaingilia jikoni, anapiga, anapewa sahani, anatokea jikoni. Siku moja binti wa nyumba akaupenda wimbo. Akasema rudia. Akarudia. Akasema rudia tena, akamwekea mkono begani. Hivi." Na mama akaunyoosha mkono wake mkongwe, akauweka juu ya bega la Bi Martha Lynn aliyekuwa ameketi mbele yake. Aliuweka kwa upole kabisa. "Hivi tu. Basi. Kabla hakujapambazuka mama yetu alimfukia katikati ya marobota ya pamba kwenye lori, akamwambia ondoka usirudi. Wazungu walipokuja na bunduki kumtafuta hawakumkuta. Sisi nasi hatukumpata tena. Tukasema amekufa na homa, kwa sababu aliyekufa hatafutwi."

Mkono ulikuwa bado begani kwa Bi Martha Lynn, naye hakujisogeza.

"Bi Ruthell," akauliza kwa sauti ndogo, "ilikuwa nyumba ya nani?"

"Nyumba unaijua. Sikuja kumtaja mtu." Mama akauondoa mkono. "Huyu kijana ameuliza shetani ametokea wapi. Nitakwambia, mwanangu. Nilizaa binti, akampenda mpiga gitaa, mtoto wa Lige. Ningemwambia nini? Ningemwambia mzungu atamuua, yule kijana alikuwa na kiburi, angekwenda kuwajibu. Nikasema ni muziki wa shetani. Shetani alikuwa rahisi kumsema. Hakuwa na bunduki, na nguo nilizokuwa nafua nipate kula hazikuwa zake."

Watu waliguna, ule mguno wa kanisani unaotoka tumboni.

"Nikampeleka binti yangu akaombe msamaha kwa kucheza. Nikamwambia kijana wa watu ondoka. Hapa kwetu ukimpenda mtoto wa kiume ulimwambia ondoka, tukaona ndiyo dawa. Leo nimemwona binti yangu pale ukutani." Sauti ilimkatika kwa mara ya kwanza. "Sikujua alikuwa na furaha namna ile. Walionitangulia wananisikia, na nyote mnanisikia. Naomba msamaha."

Alitamka maneno yale yale niliyoyatamka mimi, kwa mpangilio ule ule, na amesimama wima. Sikumbuki nilivyomfikia. Nakumbuka kofia yake ilivyokuwa inanikwaruza shavuni, na jinsi alivyokuwa akisema, "Usinikunje nguo, usinikunje nguo," huku amenishika kwa nguvu zote.

Nje jua lilikuwa bado kali. Mama alikwenda kukaa kwenye gari langu na sahani ya tamale, dirisha ameliteremsha, anakula bila kumtazama mtu. Hosea alinikuta napakia nyaya.

"Nimekuja na swali langu," akasema.

"Nalijua."

"Twende Shikago, Vonie. Nina nyumba ndogo, ina joto. Sitakupigia gitaa, vidole vimekufa ganzi. Twende tu."

Nilifungua mdomo na jibu langu likawa tayari ulimini, lile la siku zote. "Mama ana miaka themanini na sita, Hosea, nani—"

"Usinitaje mimi!" mama akapiga kelele kutoka garini, mdomo umejaa. "Mimi nina kanisa zima la kunipikia! Ukikataa, kataa kwa jina lako!"

Hosea alijitahidi asicheke. Mimi nilibaki nimesimama na waya mkononi. Maisha yangu yote nilikuwa na mtu wa kumsemea: mama hataki, kanisa halitaki, Alphonse anaumwa. Sasa barabara ilikuwa tupu, maduka yamefungwa, na mwanaume niliyempenda tangu nina akili ananiangalia kwa yale macho yanayongoja. Kwa mara ya kwanza ilibidi nijiulize mimi nataka nini.

"Sitaki kwenda Shikago," nikasema.

Aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, niliona, alishalipokea kabla sijamaliza.

"Ngoja, sijamaliza. Sikutaka hata siku ile ya basi. Nakupenda, Hosea. Nilikupenda ukiwa na shati lile, na nakupenda na kitambi hicho. Lakini sikutaka kwenda mahali. Nilitaka wewe usiende."

"Uliniambia nenda," akasema polepole. "Tena macho makavu."

"Nilikwenda kulia jikoni."

"Vonie, baba yangu alinipa nauli. Mama yako akasema ondoka. Mchungaji akasema ni heri. Wewe ukasema nenda. Katika mji huu mzima nilingoja mtu mmoja aniambie lile neno jingine. Nilikaa dirishani kwenye basi makusudi, upande wa kwenu."

Sikujua. Nilikuwa nimeshakimbia nyumbani, nimesimama nyuma ya pazia la jikoni wakati lile basi linapita.

"Kaa," nikamwambia.

Akanitazama.

"Nyumba ya baba haina paa," akasema.

"Utaezeka."

"Nina magoti mabovu."

"Utaezeka polepole."

Kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake, inazunguka, halafu ikasimama.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena, kwa sauti, dirisha la gari likiwa wazi na mama anasikia.